Kupima shubiri pori: tenga machozi na ute kabla hujashika kitu kingine

Kila mwaka kuna kijana wa chuo ama mwanafunzi wa sekondari hapa Malindi ananiletea daftari lake la projekti, anataka kujua shubiri ya porini ina nini ndani na ina nguvu gani ya antioksidanti (vitu vinavyozima kemikali kali zinazoharibu seli), na kila mwaka naona kosa ni lilelile. Amekata jani, amelitupa zima kwenye blenda na ganda lake na kila kitu, amechuja, amepima, amepata namba kubwa kweli, alafu mwishoni ameandika ati ute wa shubiri una nguvu sana na watu wanywe kila asubuhi. Mimi nikisoma hapo roho inanidunda, manake ile namba kubwa haikutoka kwenye ute. Imetoka kwenye yale maji ya njano na kwenye ganda, na hizo ndizo sehemu ambazo mtu hapaswi kunywa.

Nilifanya kosa hilohilo mwenyewe nikiwa mwanafunzi, na wa kunisahihisha alikuwa bibi yangu wa Mambrui, hata maabara hajawahi kuingia. Alinikuta nasaga majani uwanjani akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona umesaga machozi pamoja na ute? Hizo ni dawa mbili." Akachukua jani moja, akalikata chini kabisa karibu na shina, akaliegemeza ukutani ile sehemu iliyokatwa ikiangalia chini juu ya kifuu cha nazi. Matone yakaanza kushuka polepole, mwanzo njano iliyokolea kama manjano ya pilau, baada ya muda yakaanza kugeuka kahawia, na kufikia alasiri kile kifuu kilikuwa na kitu kama asali nyeusi kimeganda kwenye kuta. Akaniambia machozi yale ndio wanawake walikuwa wakipaka kwenye ziwa kumwachisha mtoto (mimi hilo sishauri, mtoto mdogo anaweza kuharisha vibaya), na ute ni wa mtu aliyeungua na moto ama jua. Kwa hivo mwongozo huu wote umesimama kwenye lile neno lake, ukielewa hapo basi hatua nyengine zote zitakuja zenyewe.

Yaliyomo ndani ya jani

Kwanza uelewe jani limejengwa vipi. Nje kuna ganda la kijani. Chini tu ya ganda kuna mishipa, na kando ya mishipa kuna seli zilizojaa utomvu wa njano, hayo ndio machozi. Katikati ndio kuna ute ule mweupe unaong'aa kama kioo.

Kwenye utomvu kuna aloini, ambayo ndugu wawili wa Edinburgh, Thomas na Henry Smith, waliitenga mara ya kwanza mwaka 1851. Kuna pia aloe-emodini, aloesini, na jamaa zao wengine, wengi ni wa familia ya fenoli (kemikali za mimea ambazo nyingi ni antioksidanti) na antrakwinoni (hizi ndizo za kuamsha utumbo). Aloini yenyewe ni molekuli ya sukari iliyofungwa na sehemu nyengine, na kile kifungo chake ni kigumu, tumbo lako haliwezi kukifungua, bali ikifika kwenye utumbo mkubwa kuna bakteria wanaoikata na hapo ndio inageuka kuwa kitu kinachoamsha utumbo na mtu anaanza kukimbia chooni. Uchungu wote unaousikia watu wakisema chungu kama shubiri unatoka hapa.

Ute ni habari nyengine kabisa. Karibu asilimia 99 ni maji. Kilichobaki ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, maarufu kati yao ni asemanani, pamoja na vitamini C kidogo, madini, na asidi. Ukitegemea ute ukupe namba kubwa ya antioksidanti utavunjika moyo, na hilo si kosa la ute, kazi yake si hio.

Hatua ya 1: Hakikisha ni shubiri, na ni shubiri gani

Hii usiipite mbio. Huku pwani watu wanaita shubiri vitu vingi. Ukikata jani na likatoka maziwa meupe, achana nalo, osha mikono, na usiguse macho, hio ni jamii ya mnyaa na maziwa yake yanaweza kumpofusha mtu. Ukilikata na likakupa nyuzi ndefu ngumu basi ni mkonge ama jamaa yake. Shubiri halisi inakatika safi bila nyuzi na inatoa utomvu wa njano.

Alafu kuna aina nyingi za shubiri yenyewe. Ile Aloe vera ya kwenye vyungu vya maua, yenye maua ya njano, si ya pori letu, asili yake ni Bara Arabu. Za kwetu ni kama Aloe rabaiensis, jina limetoka Rabai, hii inapanda shina na kuwa kama kichaka. Aloe kilifiensis yenye madoadoa kwenye majani. Na huko bara kwenye ukavu kuna Aloe secundiflora ambayo maua yake yote yanaelekea upande mmoja wa tawi, ndio maana ya hilo jina. Hii secundiflora ndio wafugaji wengi wanaoitia kwenye maji ya kuku wakati wa kideri. Kila aina ina vipimo vyake vya kemikali kwa hivo usichukue matokeo yaliyopatikana kwa Aloe vera ya Marekani ukayabandika kwenye shubiri ya kwetu Langobaya.

Na hapa kuna jambo la hatari ambalo wengi hawalijui. Kuna shubiri chache za Afrika Mashariki zenye sumu, kama Aloe ballyi na Aloe ruspoliana. Ndani yake kuna alkaloidi za jamii ya koniini, ile sumu ya mmea wa hemloki wa Ulaya. Dalili yake ni harufu: ukilivunja jani linanuka panya, harufu ile ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Jani likinuka panya usionje, usipake, usikusanye. Ndio maana mimi kila jani kabla sijafanya lolote nalinusa kwanza.

Piga picha ya mmea mzima, ya jani pande zote mbili, na ya maua. Kama ni projekti ya chuo, kausha tawi la maua na jani moja lililopasuliwa, na upeleke sampuli itambuliwe. Nairobi kuna hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki pale Makavazi ya Taifa na vyuo vingi vina mtaalamu wa mimea. Bila jina sahihi hata upime vizuri namna gani, wa kukuamini hayupo.

Hatua ya 2: Sheria na adabu ya kuvuna

Shubiri pori Kenya zinalindwa. Amri ya rais ya mwaka 1986 ilikataza kuvunwa kutoka porini kwa biashara, na mwaka 2007 zikatoka kanuni maalum za shubiri chini ya sheria ya wanyamapori. Kimataifa pia, mkataba wa CITES wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini unazibana shubiri zote isipokuwa Aloe vera, nyingi ziko kwenye orodha ya pili na chache kwenye ya kwanza, kwa hivo hata kumtumia rafiki yako wa Ulaya unga wa shubiri pori kwa posta si jambo la kufanya hivihivi. Kama ni utafiti, uliza chuo chako kuhusu kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na utafiti, na cha shirika la wanyamapori mapema, si wiki ya mwisho.

Ushauri wangu: tumia shubiri iliyopandwa. Watu wengi huku vijijini, Ganda na Kakuyuni, wana shubiri ya asili kwenye ua ama kando ya shamba, muombe mwenye shamba kwa heshima, mwambie unafanya nini, na akikubali vuna. Msitu wa Arabuko-Sokoke usiingie na kisu. Kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, ndio kabisa, pale kila mti una wenyewe na wazee wake.

Ukivuna, chukua majani mawili ama matatu ya chini, yale makubwa ya nje, kwa kila mmea. Usiguse moyo wa mmea, ukikata moyo umeua.

Hatua ya 3: Saa ya kuvuna

Wengi wanashangaa nikiwaambia waandike saa. Shubiri inapumua usiku. Mchana inafunga vitundu vyake ili maji yasipotee, usiku inavifungua inaingiza hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi ya maliki, alafu mchana inaitumia asidi hio kutengeneza chakula. Maana yake ni kuwa jani la alfajiri lina asidi nyingi kuliko jani la alasiri la mmea uleule. Ukionja ute wa saa kumi na mbili asubuhi na wa saa kumi jioni ulimi wenyewe unakwambia (onja ute uliooshwa vizuri, si utomvu, na wa mmea ulioshatambuliwa).

Kwa hivo chagua saa yako na uishikilie. Mimi huvuna saa moja asubuhi, umande ukishakauka kidogo, na sivuni siku mbili tatu baada ya mvua kubwa manake jani limejaa maji na kila kitu kimezimuliwa. Wakati wa mvua za mwaka na wakati wa kaskazi kali utapata namba mbili tofauti, hilo si kosa bali ni habari, liandike. Na ukishavuna usiache majani kwenye gunia ndani ya buti la gari mpaka kesho, ute unaanza kuharibika mapema sana kwenye joto letu hili. Siku hiohio ufanye kazi.

Hatua ya 4: Toa machozi

Hapa ndio pa kukaa. Osha majani kwa maji safi, futa kwa kitambaa. Pima uzito wa kila jani, andika. Vaa glavu, utomvu unatia doa la njano kisha la kahawia kwenye vidole na kwenye kanzu na halitoki.

Kata jani chini kabisa, sentimita mbili hivi, kwa kisu kikali, mkato wa moja kwa moja, usikereze kama unakata nyama ngumu manake ukikereza unaponda ute na unatoka pamoja. Simamisha jani mkato ukielekea chini ndani ya bika, ama kifuu kama cha bibi, ama bakuli la kioo. Liache nusu saa mpaka saa nzima. Usilikamue! Ukikamua unaleta ute. Yaache machozi yashuke yenyewe. Jani moja halikupi mengi, usikate tamaa, majani kumi ndio unaanza kuona kitu.

Ule utomvu mimina kwenye sahani pana, kausha kivulini ama kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40, mpaka uwe mgumu kama sukari guru nyeusi. Saga, tia kwenye chupa ya kahawia, funga.

Sasa jani lililobaki. Kata miiba pande zote mbili, kata ncha, alafu weka kisu chini ya ganda la upande wa bapa na uliondoe kama unavyochuna ngozi ya samaki, na ule mnofu wa ute uuondoe milimita mbili hivi mbali na ganda manake hapo karibu na ganda ndio kwenye mishipa ya utomvu. Ni bora upoteze ute kidogo kuliko kuleta njano. Mnofu ukishatoka usuuze kwenye maji safi, badilisha maji, suuza tena, mpaka maji yasiwe na rangi yoyote ya njano ukiyashika mbele ya karatasi nyeupe. Mimi husuuza mara nne, wakati mwengine tano.

Sasa una mafungu matatu: machozi, ganda, ute. Kila kitu kuanzia hapa unakifanya mara tatu, fungu kwa fungu, na hapana kuchanganya vyombo.

Hatua ya 5: Kukausha na kuloweka

Ganda likatekate vipande vidogo, tandaza kivulini penye upepo, si juani, jua la Malindi linaunguza hizohizo fenoli unazozitafuta. Siku tano mpaka wiki, likivunjika mkononi saga.

Gramu 10 za unga wa ganda, mililita 100 za metanoli ya asilimia 80, chupa yenye mfuniko, funga na karatasi ya foili isiingie mwanga, tikisa mara kwa mara, saa 24 mpaka 48. Chuja kwa kitambaa kwanza alafu kwa karatasi ya kuchujia. Kausha metanoli kwa mashine ya kuvukizia ama kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 ndani ya kabati la kuvuta moshi. Metanoli si spiriti ya kuchezea. Mwaka 2014 hapa Kenya watu wengi walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa metanoli, basi usiivute pua, usiiweke kwenye chupa ya soda hata kidogo, na kama huna maabara tumia ethanoli ya asilimia 70 badala yake.

Utomvu mkavu hauna kazi nyingi, miligramu 100 kwenye mililita 10 za metanoli unayeyuka, chuja, basi.

Ute ndio una mambo. Ukiupiga blenda kidogo na kuuchuja, alafu ukamimina ethanoli safi mara nne ya ujazo wake, utaona kitu kizuri: yanatokea mawingu meupe, kisha nyuzi nyuzi kama pamba iliyoloa zinaelea na kuzunguka, ukikoroga zinajikunja kwenye kijiti. Hizo ndizo polisakaridi zenyewe, haziyeyuki kwenye pombe. Zitoe, kausha, pima uzito. Yale maji ya pombe yaliyobaki ndio yenye vile vitu vidogovidogo kama fenoli na vitamini, hayo nayo yavukize upate kimiminika kizito. Na usishtuke ukianza na gramu 100 za ute ukaishia na gramu moja ya vitu vikavu vyote kwa jumla, hesabu ndio inavyotaka.

Hatua ya 6: Majaribio ya rangi

Haya ni rahisi na hata shule ya sekondari inaweza.

Fenoli: matone mawili ya kloridi ya chuma (III) ya asilimia 5 kwenye sampuli, ikigeuka kijani kibichi sana ama buluu karibu na nyeusi, zipo.

Saponini, vile vitu vinavyotoa povu kama sabuni: sampuli kidogo na maji kwenye neli, tikisa kwa nguvu nusu dakika, povu likikaa dakika kumi na zaidi zipo.

Boraksi: hili ndio jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chemsha utomvu kidogo na maji, chuja, tia unga wa boraksi kidogo, ipeleke kwenye taa ya urujuanimno ile ya kukagua noti bandia, inang'aa kijani. Ute uliousafisha vizuri hautakiwi kung'aa hivo. Kwa hivo hili ndio la kukagulia kazi yako ya hatua ya 4, kama ute wako unang'aa kijani rudi ukasuuze.

Antrakwinoni, jaribio la Borntrager: watu wengi wanakosea hapa, wanatia kiyeyushi na amonia wanasubiri rangi ya waridi na haiji, alafu wanaandika hakuna. Nshasema aloini ina kifungo kigumu. Lazima kwanza uchemshe sampuli na asidi ya hidrokloriki pamoja na kloridi ya chuma dakika kadhaa ili kifungo kikatike, poza, ndio ufyonze kwa kiyeyushi kama toluini, alafu tikisa na amonia. Tabaka la amonia likiwa waridi ama jekundu, umeipata.

Hatua ya 7: DPPH, kipimo chenyewe

DPPH ni kemikali yenye elektroni moja iliyokaa peke yake, inatafuta mwenzake kwa kila njia. Ikiwa haijapata ina rangi ya zambarau iliyoiva, kama ulimi wa mtoto aliyetoka chini ya mzambarau. Antioksidanti ikija ikampa mwenzake, rangi inafifia mpaka njano iliyopauka. Sisi tunapima zambarau imepungua kiasi gani, kwa mashine ya spektrofotomita, ile inayopima mwanga unaonyonywa na rangi, iliyowekwa kwenye nanomita 517.

Pima miligramu 39.4 za DPPH, yeyusha kwenye mililita 100 za metanoli, kisha chukua mililita 10 za hio uzimue ifike 100. Hapo una milimola 0.1 kwa lita. Itengeneze siku hiohio, ifunike na foili, mwanga unaiua.

Kila sampuli (kwa ute tumia kile kimiminika kizito, si polisakaridi, zile haziyeyuki kwenye pombe) yeyusha miligramu 10 kwenye mililita 10 za metanoli, hio ni maikrogramu 1000 kwa mililita. Kutoka hapo zimua upate 400, 200, 100, 50 na 25. Fanya vivyo hivyo na vitamini C safi lakini anzia chini zaidi, 40 kushuka, manake yenyewe ni kali.

Mililita 1 ya sampuli, mililita 3 za DPPH, tikisa, gizani dakika 30 kwa saa, si kwa kukisia. Kila ukolezi rudia mara tatu. Neli ya kulinganishia ina mililita 1 ya metanoli tupu na 3 za DPPH. Na kumbuka ukishachanganya moja na tatu, ukolezi wa sampuli ndani ya neli umekuwa robo. Andika wazi kwenye ripoti unaripoti ukolezi upi, kabla ya kuchanganya ama baada, manake watu wawili wanaweza kupata jibu lilelile na likaonekana tofauti mara nne.

Sasa kitu kinachowaangusha wengi: utomvu wenyewe una rangi. Mashine haijui hii ni rangi ya DPPH ama ya shubiri, inasoma tu. Kwa kila ukolezi tengeneza neli nyengine ya sampuli na metanoli bila DPPH, isome, uitoe. Mfano wa hesabu, namba ni za kuonyesha tu: neli ya kulinganishia imesoma 0.900, sampuli imesoma 0.360, na rangi ya sampuli peke yake ni 0.040. Basi 0.360 toa 0.040 ni 0.320. Kisha 0.900 toa 0.320 ni 0.580, gawa kwa 0.900, zidisha kwa 100, ni asilimia 64.4. Usingeitoa ile rangi ungepata 60, ungeidhulumu shubiri.

Alafu tafuta IC50, yaani ukolezi unaofuta nusu ya zambarau. Kama kwenye 50 umepata asilimia 42 na kwenye 100 umepata 58, nusu iko katikati yao, 75. Namba ndogo ndio nguvu kubwa, usiligeuze hili kwenye ripoti, nimeona watu wakisifu sampuli dhaifu kuliko zote.

Kama una nafasi ongeza kipimo cha jumla ya fenoli cha Folin-Ciocalteu, nanomita 765, ukilinganisha na asidi ya galiki. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi, na mara nyingi utaona sampuli yenye fenoli nyingi ndio yenye IC50 ndogo. Kwenye ute tahadhari, vitamini C nayo inachezea Folin.

Kama huna mashine

Sekondari nyingi zina DCPIP, ile dawa ya buluu ya kupimia vitamini C. Mililita 1 kwenye neli, dondosha sampuli tone kwa tone ukihesabu mpaka buluu iishe. Fanya na maji ya ndimu, fanya na kidonge cha vitamini C kilichoyeyushwa, fanya na ute. Ama chukua iodini ya duka la dawa, tone chache kwenye maji ya uji wa unga wa muhogo uliochemshwa na kupoa, inakuwa buluu nyeusi, dondosha sampuli mpaka rangi ipotee. Ndimu itaushinda ute kwa mbali, na ndio inavyotakiwa. Utomvu usiupime kwa njia hizi, rangi yake inakudanganya jicho.

Hatua ya 8: Kusoma ulichopata

Ukifanya yote haya sawasawa utaona kwa kawaida utomvu na ganda vinauacha ute mbali. Na hapa ndio nataka usome polepole. DPPH ni kitu cha chupani, hakimo mwilini mwa mtu. Sampuli kuizima zambarau kwenye metanoli haimaanishi inatibu presha, sukari ama saratani. Na ile sehemu iliyoshinda ndio yenye aloini. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa shubiri kwenye dawa za kufungua choo zinazouzwa bila cheti, manake watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani nalo limeiweka dondoo ya jani zima la Aloe vera kwenye kundi 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Kuharisha kwa muda mrefu kunaondoa potasiamu mwilini na moyo unayumba. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtu wa figo, mtu anayetumia dawa za moyo, asiguse utomvu.

Kwa hivo usiandike "shubiri ina nguvu". Andika ni sehemu gani, aina gani, saa gani. Akina mama wanaotengeneza mafuta na sabuni, ute uliosafishwa na kufaulu jaribio la boraksi ndio wenu, na hata huo mpake mteja kidogo ndani ya mkono asubiri siku moja kabla ya uso.

Hatua ya 9: Kuweka

Mabaki ya DPPH na metanoli yatie kwenye chupa ya taka yenye jina, usimwage kwenye sinki wala shimoni karibu na kisima, maji yetu haya ya chumvichumvi tayari yana shida zake. Utomvu mkavu weka juu mbali na watoto, unafanana na guru. Unga wa ganda weka kwenye friji.

Chupa yangu ya kwanza niliandika neno moja tu, "shubiri", na miezi sita baadaye sikujua ndani mna nini nikaimwaga kazi ya wiki tatu. Sasa naandika hivi: Aloe secundiflora, ganda, ua wa nyumba Kakuyuni, majani ya chini, saa moja asubuhi, siku ya nne bila mvua, metanoli asilimia 80, saa 48, tarehe, na herufi za jina la aliyevuna.